Sungura na Mbuzi: Niliyojifunza Jikoni Chiang Mai

Katika mji wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, nilikalishwa juu ya sungura nikaambiwa nikune nazi. Sungura huyo ni kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno nchani. Wathai wa zamani walikichonga kwa sura ya mnyama huyo, na hata pale kigoda kilipopoteza masikio na mkia, jina lilibaki: kratai, yaani sungura. Sisi watu wa pwani tunacho kifaa hicho hicho, nacho tunakiita mbuzi.

Nilikuwa nimekwenda huko kwa mkutano wa kitaaluma wa siku tatu. Siku ya nne, wenzangu walipokwenda kuzuru mahekalu, mimi nilijiandikisha katika darasa la upishi. Tangu nilipowasili nilikuwa nikila kama mtu aliyetoka kifungoni, na nilitaka kujua kwa nini chakula cha watu walio mbali nasi kiasi hicho kilinikumbusha nyumbani kila nilipofungua kinywa. Wanafunzi tulikuwa saba. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye mikono myepesi, alitupeleka kwanza sokoni, ndani ya mahandaki ya maji yanayouzunguka mji wa kale, akatuonyesha mchaichai, ukwaju, majani ya ndimu na uduvi uliosagwa kwa chumvi. Tuliporudi alikiweka kile kigoda mbele yetu akauliza nani anakifahamu.

Niliinua mkono.

"Kwenu mnakiitaje?"

"Mbuzi," nikamjibu, nikamweleza maana yake. Alimtafsiria msaidizi wake, wakacheka wote wawili.

"Basi, ajaan, kaa utuonyeshe." Alikwisha kujua kuwa mimi ni mwalimu wa chuo, na ajaan ndiyo heshima wanayompa mtu wa kazi hiyo.

Hapo ndipo aibu iliponishika. Nimelelewa Tanga, katika nyumba ambayo haikupitisha siku bila nazi. Nimeamka asubuhi nyingi kwa mkwaruzo wa bibi yangu akikuna. Lakini sikuwahi hata mara moja kukalia mbuzi. Kwetu mtoto wa kiume akisogelea mbuzi hufukuzwa kwa kicheko, na mimi nilifukuzika kwa hiari, nikaenda shule, nikasoma, nikawa mtaalamu wa historia na utamaduni wa watu wale wale ambao kazi yao sikuwahi kuigusa. Nilikuna vibaya. Nilikuna mpaka kwenye kifuu, tui likatoka na vipande vyeusi, na kijana mmoja Mjerumani ambaye hakuwahi kuona nazi isiyo ya kopo alinishinda.

Makala haya yametokana na aibu hiyo, na pia na swali ambalo mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani muhula uliotangulia: "Mwalimu, chakula chetu cha taifa ni kipi?" Nililipuuza. Nilimwambia kuwa hilo ni swali la wizara ya utalii, si la historia. Leo nakiri kwamba nilikosea.

Tuanze na vitu vilivyokuwa mezani. Nazi haina haja ya kuelezwa undugu wake. Mabaharia wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki ndio waliovuka bahari nzima na kuikalia Madagaska, na wataalamu wa mimea huona katika minazi ya sehemu hizo nasaba ya Bahari ya Pasifiki. Ndizi nazo zina asili upande ule. Kwa hiyo, mchuzi wa nazi ulionikumbusha nyumbani haukunifanana kwa bahati. Sisi na wao ni wanufaika wa safari zile zile.

Ukwaju ulisafiri kinyume chake. Mkwaju ni mti wa Afrika. Waarabu walipoukuta katika biashara ya India wakaliita tunda lake "tende ya India", na kwa jina hilo lugha za Ulaya zikaupokea. Wathai huutumia kutia ukali katika vyakula vyao mashuhuri kabisa. Mti wetu, basi, umepewa jina la India na umaarufu wa Thailand, nasi tunauza maji yake kwenye vifuko vya plastiki kando ya barabara bila kudai lolote.

Pilipili ina kisa kirefu zaidi. Ukimwuliza mtalii yeyote alama ya chakula cha Thailand ni nini, atakujibu: pilipili. Lakini pilipili hii nyekundu ni mzaliwa wa bara la Amerika, wala haikujulikana Asia wala Afrika kabla ya Wareno kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1505 majeshi ya Ureno yaliitwaa Kilwa na kuichoma Mombasa. Mwaka 1511 Afonso de Albuquerque aliiteka Malacca, na mwaka huo huo mjumbe wake, Duarte Fernandes, akafika Ayutthaya, mji mkuu wa Siam. Wenye mizinga iliyobomoa miji yetu walikuwa pia wachukuzi wa mbegu.

Ushahidi wa ugeni huo umebaki katika lugha, na hapa msomaji wa Kiswahili ataona jambo la ajabu. Kwa Kithai, neno phrik likisimama peke yake ni pilipili hii ya Amerika. Ile ya zamani, nyeusi, iliyotumiwa kabla ya Wareno, sasa huitwa phrik thai, pilipili ya Kithai. Mgeni alilitwaa jina la mwenyeji, na mwenyeji akalazimika kuongezewa kivumishi ili ajulikane. Sisi tulifanya vivyo hivyo. Neno pilipili lilitujia kutoka Mashariki pamoja na ile nyeusi, lakini leo likitajwa bila nyongeza kila mtu huifikiria nyekundu. Ile ya asili tunaiita pilipili manga, yaani ya Arabuni. Lugha mbili zisizo na undugu zilipatwa na jambo moja kwa sababu moja.

Hata vitamutamu vya viini vya mayai vinavyowekwa mezani kwenye harusi za Wathai, kile kiitwacho foi thong, nyuzi za dhahabu, vina asili ya Ureno. Simulizi ya Wathai humpa sifa ya kuvileta Maria Guyomar de Pinha, mwanamke wa damu ya Kijapani na Kireno aliyeolewa na Constantine Phaulkon, Mgiriki aliyepanda ngazi hadi kuwa mshauri mkuu wa Mfalme Narai. Phaulkon aliuawa katika mapinduzi ya mwaka 1688, na mjane wake akaishia jikoni kwenye kasri la kifalme. Wanaume wa kisa hicho wamebaki kwenye vitabu. Yeye amebaki kwenye sahani.

Hadi hapo ungeweza kudhani kwamba nataka kusimulia tu hadithi tamu ya bahari inayounganisha watu. Ingekuwa hivyo laiti tusingefika kwenye chakula cha pili cha siku ile, pad thai: tambi za mchele zilizokaangwa kwa moto mkali pamoja na yai, uduvi mkavu, machipukizi ya choroko, ukwaju na karanga zilizopondwa. Phat ni kukaanga. Jina lake, basi, ni "kikaango cha Kithai", na jina lenyewe latosha kututia shaka. Mswahili hapiki "wali wa Kiswahili" nyumbani kwake. Chakula hakihitaji kubandikwa jina la taifa mpaka pawe na mtu mwenye haja ya kulithibitisha taifa.

Mtu huyo alikuwa Plaek Phibunsongkhram, mwanajeshi, mmoja wa kundi lililoukomesha utawala wa kifalme usio na mipaka tarehe 24 Juni 1932. Alishika uwaziri mkuu mwishoni mwa mwaka 1938. Tarehe 24 Juni 1939 serikali yake ikaibadili Siam kuwa Thailand, nchi ya Wathai. Kati ya mwaka huo na 1942 ilitoa amri 12 za utamaduni. Raia waliagizwa jinsi ya kuisalimu bendera, jinsi ya kuvaa, na kula vyakula vilivyotokana na mazao ya nchi. Wanawake walihimizwa kuvaa kofia. Kutafuna tambuu, starehe ambayo bibi zetu wa pwani wanaielewa fika, kulipigwa marufuku kwa kuwa kulionekana ushenzi. Amri mojawapo ilikataza kuwataja Wathai kwa jimbo lao au dini yao: wote wawe Wathai tu.

Katika hali hiyo ya vita, na mafuriko makubwa yaliyoikumba Bangkok mwaka 1942, serikali ilihimiza watu wale tambi za mchele na wazitembeze kwa mikokoteni. Wanahistoria hubishana kama pad thai ilitungwa nyumbani kwa Phibun au ilikuwapo mitaani na kupewa jina tu. Ubishi huo si muhimu kwa hoja yangu. La muhimu ni kwamba tambi, kaango la duara, na ufundi wa kukaanga kwa moto mkali vililetwa na wahamiaji kutoka China. Na serikali ile ile iliyozitangaza tambi ndiyo iliyofunga shule na magazeti ya Kichina na kutenga kazi kadhaa kwa Wathai pekee. Mwaka 1938 msomi mashuhuri wa utawala huo, Luang Wichitwathakan, alitoa hotuba akiwalinganisha Wachina wa Siam na Wayahudi wa Ujerumani, wakati ambapo kila mtu alijua Wayahudi wa Ujerumani wanatendwa nini.

Kwa maneno mengine, chakula cha Wachina kilipewa uraia katika miaka ile ile ambayo Wachina wenyewe walikuwa wakibanwa.

Wasiwe wao pekee. Mchuzi wa massaman, ambao wageni huupenda mno, jina lake linarudi kwenye neno la kale la kumwita Mwislamu. Lakini kusini mwa nchi, Waislamu wa Kimalay waliodai haki ya lugha na mahakama zao walikumbana na dola. Kiongozi wao, Haji Sulong, alikamatwa mwaka 1948, akatoweka mwaka 1954, Phibun akiwa tena madarakani. Sahani ina nafasi ya Mwislamu. Taifa lilikuwa na shida ya kumpa nafasi hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki asikimbilie kuwanyooshea Wathai kidole. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Waliondoka na masanduku, chapati zikabaki. Leo chapati iliyokunjwa pamoja na mayai, inayoitwa roleksi, inauzwa kila kona ya Kampala na kuonyeshwa kwa watalii kuwa ndiyo fahari ya Uganda. Kenya haina sikukuu bila chapati, na Tanzania haina harusi bila pilau. Hakuna aliyependekeza vyakula hivyo virudishwe India. Tumbo letu liliwapokea watu ambao siasa yetu iliwakataa, na bado hatujakaa chini kuulizana maana ya jambo hilo.

Narudi jikoni. Somo la tatu lilikuwa mchuzi wa pilipili za kijani, na hapo nilifundishwa kitu kilichopindua nilichodhani nakijua. Wathai, kama sisi, hulikamua tui mara mbili. Zito wanaliita kichwa cha tui, jepesi mkia wake. Kwetu tui zito hutiwa mwisho na kukorogwa bila kuachwa, maana likikatika mafuta yakajitenga, mpishi ameumbuka. Mwalimu aliliweka tui zito kaangoni kwanza, peke yake, akaliacha lichemke. Mkono wangu uliingia na mwiko bila kufikiri. Akaushika.

"Liache likatike," akasema. "Likitoa mafuta yake ndipo tunapokaanga viungo."

Nilisimama nikilitazama tui likiharibika kwa makusudi, kisha harufu ya mchaichai na pilipili iliposhikana na mafuta yale nikaelewa. Kosa la jikoni mwa bibi yangu ni hatua ya kwanza huku.

Saa saba tulikula. Orodha ya siku ilikuwa na saladi ya papai bichi, som tam, iliyotwangwa kwa sukari nyingi na pilipili moja kwa ajili yetu wageni. Niliponyanyuka kutafuta maji nikamkuta mwalimu na msaidizi wake nyuma ya jiko, wamekaa mkekani, wakila som tam nyingine. Yao ilikuwa nyeusi kwa samaki waliovundikwa kwa chumvi mpaka wakawa mchuzi, na walikuwa wakiichota kwa matonge ya wali wa kunata. Alitaka kuinuka, nikamwomba asiinuke. Nikauliza kama naweza kuonja.

"Hutaweza, ajaan. Inanuka."

Nilimwambia kuwa nimekulia nyumba yenye ng'onda darini. Nikakaa nao.

Ndipo aliponieleza kwamba yeye si mtu wa Chiang Mai. Kwao ni Isan, nyanda za kaskazini-mashariki, ambako watu huzungumza lugha iliyo ndugu ya Kilao na ambako kwa miaka mingi walioshuka Bangkok kutafuta kazi walichekwa kwa lafudhi yao na kwa harufu ya chakula chao. Pad thai hakuijua utotoni. Aliijua ukubwani, kwa karatasi aliyopewa na mwajiri wake wa kwanza, ili aweze kuwafundisha wageni. Alisema hayo bila uchungu, akinitengea tonge. "Wageni wanataka chakula cha Kithai," alisema. "Hiki nacho ni cha Kithai sasa, lakini kikiwa kitamu."

Neno lake la mwisho nimelichukua nyumbani. Mwaka 2002 serikali ya Thaksin Shinawatra ilianzisha mpango wa kueneza migahawa ya Kithai duniani, ikilenga kuiongeza kutoka zaidi ya 5,000 hadi 8,000, kwa mafunzo kwa wapishi na mikopo kwa wenye mitaji. Mpango ulifana, na wataalamu wa diplomasia huusifu. Nami siudharau. Nchi iliyojua kuuza ladha yake imewapa kazi watu wengi, akiwamo yule mama. Ninachosema ni kwamba kila mara dola inapokichagua chakula kiwakilishe watu wote, kuna mtu anayekula chake nyuma ya jiko.

Tulipokuwa tukitafuta vazi la taifa hapa Tanzania, tuliunda kamati, tukachora michoro, na mpaka leo hatujakubaliana. Zamani nililiona hilo kuwa aibu. Siku hizi sina hakika. Kutoafikiana kwetu kumemwacha kila mtu avae chake. Lakini pia kumetuacha bila kumbukumbu iliyoandikwa ya mapishi ya bibi zetu, ambayo hufa pamoja nao kwa sababu sisi wenye kalamu tulikuwa tumefukuzwa jikoni na tukafurahi kufukuzwa.

Niliporudi nilikwenda Tanga. Nilimwomba mama mbuzi ya marehemu bibi. Aliitoa uvunguni, akaifuta vumbi, akaniuliza, "Mwanangu, unataka kumfanyia nini?" Nilipokaa akageuka kumwangalia jirani, kisha akaamua kunyamaza. Nilikuna nazi tatu. Akazichambua chicha kwa vidole akasema nimekuna mpaka kifuu. Nikatwanga mchaichai tunaoutumia kwa chai, pilipili, kitunguu saumu na tangawizi, nikamimina tui zito sufuriani nikaliacha.

"Tui limekatika," mama akasema kwa huruma.

"Ndivyo linavyotakiwa, mama."

Alikula bila kusema kitu. Alipomaliza aliuliza ni nani aliyenifundisha, nami nikamsimulia habari za yule mama wa Isan, karatasi ya mwajiri, na tambi asizozijua utotoni.

"Na chakula cha kwao hasa," mama akauliza, "amekufundisha?"

Nilimjibu kwamba alinionjesha tu. Muda wa darasa ulikuwa umekwisha.

"Basi hukumaliza," akasema, akaichukua mbuzi akairudisha, safari hii si uvunguni, bali kando ya mlango wa jiko. Muhula ukifunguliwa nitamtafuta yule mwanafunzi. Sina jina la chakula cha kumpa. Nitampa kazi: aende kwao na daftari, amwulize aliyemlea anapika nini pasipo mgeni, na akae kwenye mbuzi yeye mwenyewe.